Matroni Aliyewasaili Samaki

Kwanza niseme wazi: Matroni hakuwa matroni. Kwenye ile nyumba ya wazee pale Stafford, Texas, alikuwa mhudumu kama mimi. Kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, kusikiliza stori ya mzee kuhusu farasi wake kana kwamba hujui farasi anakufa mwisho. Beji yake na yangu zilikuwa na cheo kimoja. Ila kabla ya kuja Marekani alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huko Kigoma, miaka mingi, na inaonekana hicho ni cheo ambacho mtu havuliwi na ndege. Hakuna aliyemwita jina lake. Meneja wetu, kijana wa Kimarekani aliyekuwa anabeba kompyuta mkononi kama sahani, naye aliishia kumwita Matroni, na alikuwa anachomekea shati akimwona anakuja.

Mimi nilifika Stafford mwaka 2017. Nilikuwa nimemaliza form four Tabora, shangazi akanileta, na kwenye ndege nilikuwa na furaha moja kubwa, kwamba mambo ya mabweni na kengele na kukaguliwa nimeyaacha huko. Siku ya kwanza kazini mama mmoja mnene, mtandio umefungwa vizuri, miwani imeshukia ncha ya pua, akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kucha."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Yeye hakucheka. Nikaonyesha kucha.

Alizaliwa mtaa gani, baba yake alikuwa nani, aliolewa au hakuolewa, hayo siwezi kueleza. Nilijaribu kumuuliza mara moja tukiwa tunakunja mataulo. Akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama nimekunywa maji leo. Ndiyo yakaisha hapo. Kwa hiyo naandika nilichokiona mwenyewe, na nilichokiona zaidi ni Matroni na samaki. Mtu asiyemjua atadhani alikuwa anapenda samaki. Hapana. Alikuwa anapenda utaratibu, samaki walipita tu njiani.

Tangi lenyewe tuliachiwa. Mzee mmoja alifariki, watoto wake wakaja kuchukua vitu, wakachukua televisheni, wakatuachia tangi la samaki. Lilikuwa dogo, la kutosha juu ya meza ya chumba cha kulia, lina mchanga mweusi, kipande cha mti, na majani yamepandwa kabisa kwenye mchanga kama bustani. Samaki waliokuja nalo walikufa wote wiki hiyohiyo kwa sababu ya Papa Jonas. Papa Jonas alikuwa mpishi wetu, Mkongomani wa Uvira aliyekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na alikuwa mtu msafi sana. Aliona tangi lina utelezi, akalisugua lote kwa dawa ya choo, akalisuuza likang'aa, akajaza maji ya bomba na kuwarudisha samaki ndani. Wakafa wakiwa wasafi.

Bosi mwenye nyumba, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa anaishi mji wa Katy, akasema tangi litupwe. Hapo ndipo Miss Opal anapoingia.

Miss Opal alikuwa bibi mwembamba kama fagio, aliwahi kuwa na duka la chakula cha mifugo yeye na mumewe, na tangu mume afe alikuwa hali chakula. Si kwamba alikataa. Alikuwa anaanza vizuri, halafu katikati ya sahani anasahau alikuwa anafanya nini, anaweka uma chini na kuangalia ukuta. Lakini ile wiki moja ya samaki wa marehemu, kabla usafi haujawafikia, alikaa mbele ya tangi akala mpaka akafuta sahani kwa mkate. Samaki walipokufa akarudia ukuta.

Alikuwa na mtoto wa kiume Dallas. Mtoto akapiga simu akasema mbele yetu sote, simu ikiwa kwenye spika, kwamba mizani ikiendelea kushuka atakuja kumchukua mama yake ampeleke kwenye nyumba kubwa ya huko Dallas, ambako wana wauguzi wa kuweka mrija wa chakula.

Miss Opal akasema, "Mimi si gari. Sijazwi kwa mpira."

Mtoto akasema, "Basi kula, Mama."

Simu ikakatika. Matroni alikuwa amesimama na bakuli la supu. Alikuwa amezoea wote wamtii, na Miss Opal ndiye mtu pekee pale aliyekuwa hamtii. Akiambiwa alale, anakaa. Akiambiwa avae soksi, anamtupia. Nadhani kwa hiyo Matroni alimheshimu kuliko wote, maana ile jioni alimfuata bosi mpaka kwenye gari lake, akarudi na ruhusa.

"Tunanunua samaki," akatuambia. "Lakini si wa kuokota okota."

Mimi nikadhani tunaenda kesho. Heh. Matroni alijaza tangi maji, akawasha pampu, akapanda majani upya, halafu akatangaza kwamba maji hayajakomaa. Tukae tusubiri maji yakomae. Wiki ikapita, nyingine ikapita, sisi tunaangalia tangi la maji na majani. Alikuwa anachovya vile vikaratasi vya kupimia, vinabadilika rangi, yeye anatikisa kichwa kama mtu aliyesahihisha mtihani wa darasa zima la wajinga.

"Matroni, Miss Opal amekula vijiko vitatu tu leo," nikamwambia. "Tununue hata wawili."

"Wafie humo?"

"Hawatakufa wote."

"Wewe shuleni ulikuwa unapeleka godoro bwenini kabla bweni halijaezekwa?"

Kwa muda wote huo alikuwa anamlisha Miss Opal mwenyewe, kijiko kwa kijiko, muda wake wa kupumzika unaishia hapo. Konokono alitokea kwenye majani bila kualikwa, na Miss Opal akala chakula cha mchana kizima akimwangalia akipanda kioo. Ilichukua muda mrefu, lakini na konokono naye ilimchukua muda mrefu.

Duka la samaki lilikuwa Katy. Hapa niseme kuhusu Matroni na barabara. Alikuwa anachukia uchelewaji kuliko dhambi, na alikuwa anaendesha gari kama anamsindikiza bibi harusi. Freeway, ile barabara kuu ya juu, hakuigusa. Alikuwa anapita fida tu, barabara ya pembeni yake, kila taa, kila kituo cha mafuta, kutoka Stafford mpaka Katy, huku magari ya juu yanaruka. Mimi nakunja vidole vya miguu kwenye viatu. Yeye anasema, "Tutafika." Na kweli tulikuwa tunafika, duka linakaribia kufungwa.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye tatuu ya pweza inayoanzia bega na kuishia kiganjani. Alituuliza tunataka samaki gani. Matroni akavuta kiti. Sikuwahi kuona mteja anavuta kiti kwenye lile duka kabla wala baada.

"Nataka kuwaona mmoja mmoja," akasema. "Huyu anakula nini?"

"Chakula cha vipande, mama."

"Na kisipokuwepo?"

Dada akafikiri. "Kisipokuwepo, nadhani wenzake."

"Asante. Anayefuata. Huyu mwenye gauni refu?"

"Huyo ni beta. Dume. Ukimweka na dume mwenzake wanauana."

"Kwa sababu gani?"

"Hakuna sababu."

"Kama shuleni. Anayefuata."

Ikaja zamu ya samaki mmoja bapa, mwenye mapezi kama mabawa, mzuri kweli. Mimi nikasema huyu, huyu, Miss Opal atampenda huyu. Dada akasema hana shida yoyote kwa sasa.

"Kwa sasa," Matroni akarudia. "Akikua?"

Dada akanyoosha kiganja chenye pweza. "Hivi."

Matroni akaangalia kiganja, akaangalia mdomo wa yule samaki, akaangalia visamaki vidogo vya tangi la jirani. "Huyu ni mpole kwa sababu ni mdogo," akasema. Alinifundisha pale pale kanuni yake kubwa, akiwa ameninyooshea kidole: usiangalie rangi, angalia mdomo. Kinachoenea mdomoni kitaingia mdomoni. Samaki wa dhahabu alimkataa kwa kujisaidia sana na kwa kupenda maji ya baridi, maana wengine wangetaka ya uvuguvugu na yeye hakuwa na mpango wa kupika maji aina mbili.

Na alikuwa anawapanga kwa deka, vile vitanda vya bweni vya juu na chini. Huyu anaogelea juu, huyu katikati, huyu chini kabisa, kusiwe na wawili wanaogombania kitanda kimoja. Mwisho wakapita neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka, kikundi, kwa sababu dada alisema wakiwa wachache wanaogopa. Na kambale wadogo wa kukaa chini, wenye ndevu, wanaofagia mchanga siku nzima. Matroni aliwaangalia kambale kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata. "Hawa ni viranja," akasema.

Dada wa pweza akaniuliza pembeni kama mama huyu ni daktari wa samaki. Nikamwambia ni kitu kibaya zaidi.

Maisha ya tangi yakaanza, na yalikuwa maisha ya bweni tupu. Taa ya tangi inazimwa saa mbili, hata kama wazee bado wanaangalia. Asubuhi kabla ya chai, Matroni anawahesabu kwa kidole kwenye kioo, midomo inatembea. Samaki mgeni au anayeonekana mnyonge anatengwa kwenye bakuli la plastiki la saladi juu ya friji ndogo, tunapaita sikibei, kama chumba cha wagonjwa cha shule. Na Jumatatu na Alhamisi hawalishwi. Matroni mwenyewe alikuwa anafunga siku hizo, na alisoma mahali kwamba samaki ni vizuri wakapumzisha tumbo, basi akaona mambo yamekubaliana.

Papa Jonas hilo lilimsumbua.

"Maman, weye unajuaje kama hii samaki si Mkristo?"

"Shule yangu ilikuwa ya serikali. Wote wanafuata ratiba moja."

"Lakini hata ya serikali ilikuwa na kipindi ya dini."

"Basi wakileta barua ya mchungaji nitawapa chakula."

Ijumaa Papa Jonas alikuwa anakaanga kambale wa kununua, wale wakubwa, na Matroni alikuwa anawala vizuri tu, mpaka mwiba. Ila alikuwa anageuza kiti, anakula akiwa amelipa tangi mgongo. Alisema si adabu. Shangazi yangu siku moja alikuja kunichukua, akamkuta pale, akaanza kusema lo, kumbe samaki nao ni kama sisi wanadamu, wanahitaji kupatana, na nini na nini. Matroni akamsikiliza mpaka mwisho.

"Samaki ni kama samaki," akasema. "Binadamu nimewalea, hawakuwa hivi."

Kitu kingine alichokuwa anakichukia ni upendeleo. Nilijaribu mara kadhaa kumwomba tubadilishane shifti, nikimkumbusha kwamba sisi ni watu wa nyumbani, Tabora na Kigoma ni reli moja. Akasema reli haifanyi kazi hapa. Huko kwetu jambo la kupeana nafasi kwa kujuana tunaliita undugunaizesheni, na Matroni akilitamka hilo neno alikuwa kama anatema mbegu. Alisema limeharibu shule, limeharibu hospitali, limeharibu hata kwaya. Nikamwamini. Ndiyo maana kilichotokea kilinishangaza.

Tatizo lilikuwa kwamba Matroni alifaulu. Neoni hawakugombana. Kambale hawakugombana. Majani yalisongamana mpaka yakagusa juu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemfukuza mwenzake, walikuwa wanakwenda kulia wote, wanarudi kushoto wote. Miezi ya kwanza Miss Opal alikula. Halafu siku moja akaweka uma chini katikati ya viazi.

"Hao samaki wamekuwa mapazia," akasema.

Mizani ikaanza kushuka tena. Mtoto wa Dallas akapiga simu tena, safari hii hakutaka spika, aliongea na meneja peke yake, na meneja alitoka ofisini akasema mtoto huyo atakuja mwisho wa mwezi, na akija kama hali ni hii anaondoka na mama yake. Miss Opal hakuambiwa, lakini alianza kupanga soksi zake kwenye mfuko wa plastiki, zile zilezile alizokuwa anamtupia Matroni. Matroni akizitoa na kuzirudisha droo, kesho anazikuta kwenye mfuko.

Tukaenda Katy, kwa fida, kutafuta samaki wa kuchangamsha. Matroni akavuta kiti chake. Akasaili wa kwanza, akasaili wa pili, akakataa wote. Mimi nikawa nazunguka zunguka, na kwenye kona ya nyuma nikaona tangi lisilo na majani, mawe matupu, na samaki wa njano kama ndimu mbivu, mrefu kidogo, ana uso wa mtu aliyeibiwa nafasi ya kuegesha gari. Karatasi ya juu ilikuwa imeandikwa Ziwa Tanganyika.

Nilimwita Matroni kama utani tu. Akaja, akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena.

"Huyu ametoka wapi?"

"Afrika," dada wa pweza akasema.

"Afrika ni kubwa. Upande gani wa ziwa?"

Dada hakujua. Matroni akainama mpaka pua ikakaribia kioo, na yule samaki akaja mbio akagonga kioo kwa ndani, pap, akarudi, akagonga tena.

"Nifungie huyu," Matroni akasema.

Nikasubiri. Hakuna swali la chakula, hakuna la kitanda. "Matroni," nikasema, "hatumsaili?"

"Huyu kwao napajua."

"Na mdomo?"

"Mdomo umefanya nini?"

Dada wa pweza alikuwa mtu mwaminifu. Alisema mama, huyu si wa tangi la majani, hawa wamezoea mawe, akishachagua sehemu anadhani lote ni lake, na wale neoni wako ni wadogo. Matroni akamjibu kwamba amekulia maisha magumu, akipata mazingira mazuri atatulia. Nimeshasikia watu wakiombea ndugu zao kazi kwa maneno hayohayo.

Njia nzima nilimpakata yule samaki kwenye mfuko wake wa maji, na Matroni, mikono yote kwenye usukani, akawa anamsemesha Kiha. Akamtajia Kibirizi, akamtajia Katonga, akamweleza soko la Ujiji lilivyo asubuhi. Mimi miezi yote ile hakuwahi kuniambia hata nyumba yao ilikuwa na rangi gani.

Papa Jonas alimwona akaweka mwiko chini.

"Maman. Hii ni ya kwetu. Ya Uvira."

"Ya Kigoma."

"Ziwa ni moja, sawa. Lakini angalia sura. Hii ni Mkongomani."

"Kwa lipi?"

"Amefika leo na tayari iko analalamika."

"Basi huyo ni wa Kigoma," nikaingilia, na wote wawili wakaniangalia.

Hakupelekwa sikibei. Hakutengwa hata siku moja. Matroni alimwachia moja kwa moja, na yule samaki hakumaliza hata kuzunguka. Alikwenda chini ya kile kipande cha mti, akawatoa kambale viranja wote kwa vichwa, akaanza kuchimba. Mchanga ukaruka. Jani kubwa la mbele likang'oka, likapanda juu polepole, likaelea.

Miss Opal akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, ilikuwa sauti kama kiti kinaburutwa. "Huyo ni Sherifu," akasema. "Amekuja kusafisha mji." Akala nyama, akala maharage, akaomba mkate. Wazee wengine wakasogeza viti. Kuanzia siku hiyo chakula cha mchana kikawa kama uwanja wa mpira. Sherifu akigonga kioo, Miss Opal anampigia meza. Sherifu akimkimbiza kambale, Miss Opal anamtetea kambale kwa matusi huku anatafuna. Mizani ikaacha kushuka. Halafu ikapanda.

Na neoni wakaanza kupungua. Asubuhi Matroni alikuwa anahesabu kwa kidole, anafika mwisho, anaanza upya. Tukimuuliza anasema wamejificha kwenye majani. Majani gani, wakati yote yanaelea? Siku moja sote tulimwona Sherifu, saa ya chai, mkia wa buluu unatoka mdomoni, na Papa Jonas akasema taratibu, "Maman, yule iko anajificha vizuri sana."

Matroni akamtoa Sherifu kwa neti, akamweka kwenye bakuli la saladi. Adhabu. Mchana Miss Opal alikaa mbele ya tangi, akakunja mikono.

"Sherifu yuko wapi?"

"Amefungiwa."

"Kosa?"

"Amekula wenzake."

"Mimi jana nimekula kuku. Mbona sijafungiwa?"

"Kuku hakuwa bweni moja na wewe."

Miss Opal akasukuma sahani. Jioni akaisukuma. Asubuhi soksi zilikuwa kwenye mfuko. Mtoto wa Dallas alikuwa amebakiza siku chache afike, na Matroni akawa anatembea kati ya tangi la wapole na bakuli la mkorofi, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wakati mtihani ameutunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, aseme amekosea. Nilikuwa nimeshaandaa hata uso wa kumsikiliza.

Hakusema. Alichofanya ni kufunga shule. Aliwakamata neoni waliobaki na kambale wote, akawatia kwenye ndoo na majani yao, akaniambia nimpigie shangazi kwamba wanafunzi wanakuja likizo. Tangi akalijaza mawe aliyookota kwenye bustani ya bosi na kuyachemsha, na magamba ya konokono, akamrudisha Sherifu ndani peke yake. Kazi yote ile ya usaili na deka na maji kukomaa, mwisho wake samaki mmoja asiyepatana na mtu.

"Umefanya undugunaizesheni, Matroni," nikamwambia. Nilishindwa kujizuia.

"Nimefanya uhamisho," akasema. "Shika ndoo vizuri, unawatikisa."

Mtoto wa Dallas alikuja, akamkuta mama yake anamfokea samaki na mdomo umejaa mahindi. Akakaa naye mpaka akamaliza. Akamuuliza Matroni huyo samaki wanamfuga na wenzake gani, maana angependa kuweka tangi kama hilo nyumbani kwake. Matroni akamjibu, "Huyu simshauri mtu amfuge." Jioni akarudi Dallas na gari tupu. Neoni wa likizo hawakurudi, shangazi alikataa kuwatoa, na wako mpaka leo juu ya kabati lake wanakwenda kulia na kurudi kushoto.

Mwaka 2019 mimi nilihamia Grand Prairie, karibu na Dallas, kazi ya ghala, saa nyingi na hakuna anayekagua kucha. Nilimuaga Matroni akaniambia ninywe maji.

Ikaja 2020. Wageni walizuiwa, na wazee wakaamriwa kula vyumbani, kila mtu peke yake, chumba cha kulia kikafungwa. Papa Jonas alinipigia kunisalimia, nikauliza habari za Sherifu. Akasema yuko, anagonga kioo kwa viti vitupu. Matroni alikuwa ameomba tangi lihamishiwe kwa Miss Opal, ikashindikana, lenyewe ni zito na chumba kimejaa mashine ya hewa. "Na bibi?" nikauliza. Akasema mtoto wa Dallas ameanza tena kuulizia mizani.

Siku yangu ya ofu niliendesha mpaka Stafford. Nilijua sitaingia. Nilizunguka nyuma, nikasimama kwenye nyasi nje ya dirisha la Miss Opal, jua linachoma kichwa. Matroni alikuwa ndani, barakoa, glavu, amekonda. Miss Opal kitandani, amekonda zaidi, trei mapajani. Walikuwa wanagombana. Sikusikia maneno, niliona mikono tu. Miss Opal alikuwa anatikisa uma kama mtu anayetaka kumchoma mwenzake, na kila akimaliza kusema anachota, anatafuna kwa hasira, anachota tena.

Nikampigia Matroni simu. Akaipokea bila kumwondolea macho Miss Opal.

"Shikamoo, Matroni. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimemwambia Texas ni ndogo kuliko Tanzania."

"Ha. Na ameanza lini kukasirika hivyo?"

"Huu ni mwezi wa pili sasa. Kila siku nasema, kila siku anasahau, kesho nasema upya." Akashusha sauti. "Leo anachoka mapema. Anataka kukubali yaishe."

Miss Opal alikuwa ameniona. Akanyoosha uma kwangu. Matroni akaweka spika, na ile sauti ya kiti kinachoburutwa ikanifikia, nyembamba sana.

"Wewe msichana. Wewe umesoma. Mwambie huyu mwanamke. Ipi kubwa?"

Alikuwa ameegemea mto. Uma ulikuwa unashuka, na kwenye sahani, kupitia kioo, niliona nusu nzima ya viazi bado ipo. Matroni aliniangalia tu juu ya miwani, vile alivyoniangalia siku zote.

"Tanzania," nikasema. "Tena kwa mbali sana."

Miss Opal alinitazama kwa chuki kabisa. Halafu akajiinua kutoka kwenye mto, akachota viazi, na akaanza kunijibu kabla hajameza.